SOMO: Kuchonga picha ya mtu kwa leza na ikatambulika ni nani (mbao, sleti, taili, akriliki)

Wakuu habari zenu. Meseji zangu zimejaa swali moja tu, "nimechonga picha imetoka nyeusi tii, nipe setingi zako". Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hili. Setingi zangu hazitakusaidia kitu maana mashine yako siyo yangu na ubao wako siyo wangu, kitakachokusaidia ni kuelewa leza inafanya nini ikigusa ule ubao.

Jua kwanza una leza gani. Dayodi, ile ya mwanga wa bluu (nanomita 450 hivi), iko vizuri kwenye mbao, ngozi, sleti (jiwe jeusi bapa) na taili iliyopakwa rangi, ila kioo na akriliki angavu (plastiki ngumu kama kioo) mwanga unapita tu hauachi alama. CO2 (nanomita 10,600) inachonga kioo na akriliki vizuri sana ila chuma kitupu inashindwa. Chuma ni kazi ya faiba (nanomita 1,064).

HATUA 1: Pata picha ya asili. Iliyozunguka WhatsApp imeshabanwa, uso umekuwa vibox vibox na leza itavichonga vyote. Mwambie mteja aitume kama faili, siyo kama picha.

HATUA 2: Kata, futa vitu vya nyuma, geuza iwe nyeusi na nyeupe.

HATUA 3: Rekebisha mwanga. Hapa kuna jambo ambalo mafunzo mengi hayalisemi: uso wa mtu mweusi ukiuacha ulivyo kwenye picha, kwenye mbao unageuka doa. Inua toni za kati na vivuli mpaka kwenye skrini uone kama umezidisha, halafu nyeusi kamili iachie nywele, mboni, kope na tundu za pua. Siyo kumbadilisha mtu rangi, ubao wenyewe ni kahawia tayari, kwa hiyo toni zote zinashuka chini na wewe unazirudisha juu. Malizia kwa kuongeza ukali wa kingo, zidisha kidogo kuliko ungefanya kwa picha ya kuprinti.

HATUA 4: Weka fokasi sawasawa. Lenzi ifute kwanza.

HATUA 5: NAFASI YA MISTARI. Someni hii taratibu, kazi nyingi zinafia hapa. Mbao haina kijivu cha kueleweka, sehemu imeungua au haijaungua. Kijivu unachokiona ni nukta nyeusi zilizotawanywa, zikibanana jicho linaona giza, zikiachana linaona mwanga, na hiyo ndiyo kazi ya ditha, yaani programu kugeuza picha kuwa nukta (aina zake ni Jarvis, Stucki, Floyd-Steinberg, mimi kwa nyuso naanza na Jarvis). Sasa nukta ya leza ina unene wake. Tuseme yako ni milimita 0.12 na wewe umeweka mistari kila milimita 0.05, ambayo ni DPI (nukta kwa inchi) 508, maana yake kila nukta inamkalia jirani yake na ile nafasi nyeupe ambayo ndiyo ilikuwa mwanga wa uso imeshaungua yote. Halafu mtu anasema pawa ni kubwa, anapunguza pawa, anapata doa la kahawia badala ya doa jeusi! DPI kubwa kuliko nukta yako haiongezi ubora, inaufuta. Hesabu yake ni 25.4 gawanya kwa nafasi ya mistari, kwa hiyo milimita 0.1 ni DPI 254, na kwa dayodi nyingi picha nzuri inapatikana hapo au chini yake.

Kupima: chukua kipande cha ubao uleule, chonga mistari iliyoachana milimita 0.2, kisha 0.15, 0.12, 0.1, 0.08. Iangalie kwa lenzi ya kukuzia au kamera ya simu. Pale mistari inapoanza kugusana ndiyo mwisho wako, usishuke chini ya hapo.

Tahadhari: rudia kipimo kwa kila aina ya mali, maana mbao laini inaungua kutanuka kuliko sleti. Na picha iwe na ukubwa wake wa mwisho KABLA ya ditha. Ukishaweka ditha usiivute hata kidogo, itatoa michirizi kama ya kitambaa na hakuna setingi ya kuiondoa.

HATUA 6: Chonga jedwali la spidi na pawa (vibox vidogo, kila kimoja na spidi na pawa yake) kwenye kipande cha pembeni, chagua kilichotoka vizuri, kisha chonga jicho moja tu la ile picha. Jicho likikaa vizuri uso mzima utakaa.

HATUA 7: Washa nafasi ya ziada ya pembeni (overscan) kwenye programu ili kichwa kipunguze mwendo nje ya picha, bila hivyo kingo zinaungua zaidi. Hewa iwe ndogo ya kufukuza moshi tu, ile ya nguvu ni ya kukatia. Miwani iwe ya mawimbi ya leza yako, ya CO2 haikulindi na bluu. Mashine ikifanya kazi usiondoke, inawaka moto kweli.

Mali zenyewe: sleti, kioo na alumini yenye rangi ya anodaizi vinatoa alama nyeupe, kwa hiyo geuza picha iwe negativu. Msonobari una mistari migumu na laini, uso unatoka na michirizi, tafuta mbao nyeupe yenye nyuzi tulivu. Akriliki nunua ya kumiminwa (cast), ndiyo inayotoa weupe kama barafu, ile ya kusukumwa (extruded) inayeyuka tu na alama yake hafifu.

PVC (plastiki yenye klorini) MARUFUKU. Inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inaharibu mapafu yako na inaozesha mashine.

Swali: Mkuu nina dayodi wati 10, niweke spidi ngapi pawa ngapi?

Jibu: Hatua ya 6.

Swali: Nimesoma yote lakini kwa nini usitoe namba tu, unaficha ujuzi?

Jibu: Sijaficha, nimekupa njia ya kuipata namba yako kwenye ubao wako. Jedwali halichukui muda, lichonge kisha lete picha tuangalie.

Swali: Shikamoo fundi. Taili nyeupe ya kawaida dayodi inaacha kweli alama ya kudumu au ni rangi tu inayoungua?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana hili. Paka taili rangi nyeupe ya kopo yenye titani dioksaidi, safu nyembamba na sawa, iache ikauke kabisa. Leza inaichoma na ile titani inashikana na glezi ya taili kuwa nyeusi, halafu rangi iliyobaki unaiosha kwa asetoni, nyeusi inabaki. Usigeuze negativu hapo, na soma kopo kwanza maana bila titani dioksaidi hupati kitu.

Swali: Ngozi ya begi la zamani naweza?

Jibu: Una uhakika ni ngozi? Nyingi ni plastiki yenye PVC. Hata ngozi halisi iliyotengenezwa kwa kromu moshi wake ni mbaya, tafuta iliyotengenezwa kwa magome ya miti.

Swali: Sasa nitajuaje plastiki ina klorini?

Jibu: Chukua waya wa shaba mtupu, upashe kwenye moto mpaka uwe mwekundu na moto usibaki na rangi ya kijani. Ugusishe kwenye plastiki ukiwa wa moto ili kipande kidogo kinate, urudishe kwenye moto. Moto ukigeuka kijani kuna klorini, weka kando. Fanya nje, kwa kipande kidogo, usivute ule moshi.

Swali: Na kioo cha glasi kwenye CO2 kinanichomokea vipande.

Jibu: Paka sabuni ya vyombo safu nyembamba au bandika karatasi iliyolowa bila mapovu, inapunguza joto. Shusha DPI pia, nukta zikibanana kioo kinabanduka.