Namna ya Kufunga Komedia ya Mwigizaji Anayehangaika

Mwisho wa komedia ya jukwaani huanza kuandikwa katika onyesho la kwanza, kwa kuwa kicheko cha mwisho hakina nguvu ikiwa hadhira haikuandaliwa mapema. Tuchukue mwigizaji wa Bagamoyo anayekula kwa mkopo kwa mama lishe, huku akiutangazia mtaa mzima kuwa amepewa nafasi ya mfalme katika mchezo utakaoonyeshwa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya mji huo, ilhali kazi yake ni kushika mkuki na kunyamaza. Deni na uongo huo vitajwe mapema, kisha viachwe vitulie.

Katika onyesho la mwisho, vikutanishe. Mama lishe aingie akitokea upande wa watazamaji, daftari la madeni mkononi, amdai mshika mkuki mbele ya mfalme mwenyewe; naye, badala ya kukimbia, ajibu kwa sauti nzito kwamba hazina ya ufalme italipa. Ndiyo sentensi yake ya kwanza jukwaani. Usimwokoe kwa simu ya tajiri kutoka Dar es Salaam. Njia hiyo ni nyepesi mno, na mji uliozoea kutazama sanaa za jukwaani utaibaini upesi.

Maneno ya mwisho mpe mama lishe: “Na chapati za juzi je, mtukufu?” Fundi wa taa azizime mara tu neno “mtukufu” linapotoka, maana akichelewa, waigizaji watabaki wamesimama bila kazi na kicheko kitapoa.