Kuunga shiti za alumini kwa ribiti na gundi pamoja

Juzi nilimsaidia kijana ninayefanya naye kazi kuunga shiti mbili za alumini za milimita 1.5. Alikuwa ameshazipiga ribiti (pini fupi za kuunga shiti) peke yake bila gundi mara mbili, na mara zote maungio yakalegea na kupitisha maji. Ribiti hubana pale ilipo tu. Gundi hushika eneo zima na kuziba maji, ila ukiivuta kuanzia ukingoni hubanduka, na hapo ribiti ndiyo inayoiokoa. Ndiyo maana nazitumia zote mbili.

1. Toboa kabla ya gundi. Ribiti ya milimita 4 tundu lake ni 4.1, ya 4.8 ni 4.9. Kutoka ukingoni hadi katikati ya tundu acha angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Shiti zitobolewe zikiwa zimebanwa pamoja, kisha zitenganishe na ukwangue ncha kali kwenye kila tundu.

2. Safisha. Usiharakishe hapa. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu ya hatua hii: maungio yalibanduka kama ganda la ndizi, gundi yote imebaki upande mmoja, upande wa pili unang'aa. Nilikuwa nimepiga msasa kwanza, nikayasugulia mafuta ndani ya mikwaruzo. Anza na asetoni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, mbali na moto na penye hewa. Futa kuelekea upande mmoja kwa kitambaa cheupe, ukigeuza sehemu safi kila mara, hadi kitambaa kitoke cheupe. Ndipo upige msasa namba 120 hadi mng'ao wote uishe, kisha ufute tena kwa asetoni. Sasa nyunyiza maji safi. Yakitandaa kama utando mmoja, uko tayari. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo, rudia tangu mwanzo. Kausha kabisa, usiguse tena kwa vidole, na upake gundi mapema, maana alumini ikikaa wazi huota utando mpya.

3. Paka epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Gundi ya matone inayokauka papo hapo siitaki kwenye kazi hii. Hukakamaa na kupasuka ikitikiswa. Changanya hadi rangi iwe moja, paka nyembamba pande zote mbili.

4. Piga ribiti gundi ikiwa bado mbichi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Tumia ribiti za alumini. Za chuma cha kawaida zikikutana na alumini penye unyevu huleta kutu inayoila alumini. Usibane kwa nguvu hadi gundi yote itoke. Maungio yakibaki makavu ndani hakuna kinachoshika. Inayochuruzika nje ifute sasa hivi.

5. Iache. Ribiti zimeshabana, huhitaji vibano. Ila usiipe mzigo kabla ya muda ulioandikwa kwenye gundi kwisha, na kukiwa na baridi ngoja zaidi, kwa kuwa epoksi hukawia sana kukomaa penye baridi.