Somo: Kupinga thamani ya nyumba yako Texas kwa mara ya kwanza

Kila mwaka, kuanzia Aprili, wenye nyumba katika jimbo la Texas hupokea barua, yaani notisi ya thamani ya nyumba zao, kutoka ofisi ya tathmini ya kaunti ikiwaeleza kwamba hiyo si bili ya kodi, na kwa sababu ya maneno hayo wengi wetu huiweka kabatini bila kuisoma. Bili yenyewe huja mwezi wa Oktoba, na mtu anaposhtuka kwa kiasi alichoandikiwa, muda wa kuweka pingamizi unakuwa umekwisha kupita.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu tukisema "kodi ya nyumba" tunamaanisha pango analolipa mpangaji, lakini hapa nazungumzia kodi anayotozwa mmiliki juu ya kiwanja na jengo kwa pamoja. Texas haitozi kodi ya jimbo juu ya mapato ya mtu, kwa hiyo shule, kaunti na miji huegemea sana kodi hii ya majengo. Viwango vya kodi hupangwa na shule na halmashauri hizo. Ofisi ya tathmini hupanga thamani tu. Ukienda kulalamika kwamba kodi imezidi na mshahara haujapanda, utasikilizwa kwa heshima na utarudi nyumbani na thamani ileile.

Hatua ya kwanza: soma notisi yako. Thamani iliyoandikwa ni ya Januari 1 ya mwaka huo, kwa hiyo paa lililoharibiwa na mvua ya mawe mwezi wa Machi halihesabiki mpaka mwaka unaofuata. Utaona thamani ya soko, na pengine thamani nyingine iliyo ndogo zaidi ambayo ndiyo inayotumika kukokotoa kodi. Tofauti hiyo hutokana na ukomo wa kisheria: nyumba unayoishi mwenyewe, ikishapata msamaha wa makazi (homestead exemption, yaani sehemu ya thamani isiyotozwa kodi kwa mmiliki anayeishi humo), thamani yake ya kutozwa kodi haiwezi kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa umeongeza jengo jipya. Ukomo huo huanza Januari 1 ya mwaka unaofuata mwaka wa kwanza wa msamaha, na nyumba ikiuzwa hufutika. Ndiyo maana mtu aliyenunua nyumba kwa mzee aliyekaa humo miaka ishirini hupigwa na butwaa anapoona bili yake mwenyewe.

Ikiwa hujaomba msamaha wa makazi, acha yote haya na uombe leo kwa fomu 50-114, ukihakikisha anwani iliyo kwenye leseni yako ya udereva ni ya nyumba hiyohiyo. Katika kodi ya shule, msamaha huo ulipandishwa hadi dola 100,000 mwaka 2023, kisha hadi dola 140,000 kwa kura ya Novemba 2025. Aliyechelewa anaweza kuomba hata kwa miaka miwili iliyopita.

Hatua ya pili: weka pingamizi kwa wakati. Mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu notisi ilipotumwa, kutegemea ipi inakuja baadaye. Fomu ni 50-132, na kaunti kubwa hupokea pingamizi kwa mtandao. Katika orodha ya sababu weka alama mbili: kwamba thamani imezidi bei ya soko, na kwamba thamani hailingani na ile ya nyumba zinazofanana nayo. Ukiacha mojawapo unaweza kuzuiwa kuitetea siku ya kikao cha bodi inayosikiliza mapingamizi, na kuweka zote mbili hakukugharimu chochote.

Hatua ya tatu: omba vielelezo vyao. Una haki, ukiomba, ya kupata siku 14 kabla ya kikao data na hesabu ambazo ofisi inakusudia kuzitumia dhidi yako. Wakati huohuo tafuta kumbukumbu ya nyumba yako kwenye tovuti yao na uisome mstari kwa mstari: futi za mraba, mwaka wa ujenzi, idadi ya mabafu, karakana, bwawa. Wathamini hukadiria maelfu ya nyumba kwa pamoja kwa kompyuta, bila kuingia ndani. Kumbukumbu ya nyumba yangu ilikuwa na bafu la tatu ambalo sijawahi kulioga. Nilipopeleka ramani ya fundi na picha, lilifutwa bila ubishi. Kosa la kumbukumbu ndilo pingamizi jepesi kuliko yote.

Hatua ya nne: andaa ushahidi. Hapa ndipo shughuli ilipo. Ikiwa ulinunua nyumba karibu na Januari 1 kwa bei iliyo chini ya thamani waliyoandika, hati ya mauzo pekee inaweza kutosha. Ikiwa ulinunua kwa bei ya juu zaidi, sheria ya Texas haikulazimishi kuitangaza bei hiyo, na kwa sababu hiyohiyo bei za majirani hazipatikani hadharani. Mwombe wakala aliyekuuzia akutafutie mauzo ya mtaa wako.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na simu iliyojaa picha za nyufa. Udongo wa mfinyanzi wa kusini-mashariki mwa Texas hutanuka ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, hivyo misingi ya nyumba hucheza, na wangu ulikuwa umecheza kiasi kwamba mlango wa chumba cha kulala haukufungika. Mthamini alizitazama picha, akaniuliza zilipigwa lini na ukarabati utagharimu kiasi gani. Sikuwa na jibu lolote. Mwaka uliofuata nilipeleka picha zilezile zikiwa na tarehe, pamoja na makisio ya gharama kwa maandishi kutoka kwa fundi wa misingi, na mazungumzo yakawa mengine kabisa.

Usipokuwa na ufa wala bei ya ununuzi, tumia hoja ya ulinganifu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo silaha bora ya mtu wa kawaida, kwa kuwa takwimu zake zote ziko kwenye tovuti ya ofisi yenyewe. Tuseme nyumba yako ina futi za mraba 2,000 na imethaminiwa dola 310,000, yaani dola 155 kwa futi. Chagua nyumba tano za mtaa uleule, zenye umri na ukubwa unaokaribiana na yako, na ugawanye thamani ya kila moja kwa futi zake. Tuseme unapata 138, 141, 144, 149 na 152. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue iliyo katikati, 144. Ukizidisha kwa 2,000 unapata dola 288,000, na hiyo ndiyo thamani unayoiomba. Jirani mwenye bwawa au karakana kubwa lazima umrekebishie hesabu, na usichague nyumba mbovu tu, maana mthamini naye anazo orodha zake.

Hatua ya tano: zungumza na mthamini. Kabla ya kikao unaweza kukutana naye ana kwa ana, kwa simu au kwa mtandao. Mpe karatasi, taja thamani unayoitaka, kisha nyamaza. Ukikubali na kutia saini, shauri limefungwa na huwezi tena kwenda kwenye bodi, kwa hiyo usisaini kwa sababu tu ya uchovu.

Hatua ya sita: kikao cha bodi. Bodi ya mapitio huundwa na wananchi wa kawaida wa kaunti. Utaapishwa, utaeleza, mthamini ataeleza, na mara nyingi yote huisha ndani ya nusu saa. Peleka nakala za kutosha kwa kila mjumbe. Katika mzozo wa thamani, mzigo wa kuthibitisha uko juu ya ofisi ya tathmini, si juu yako.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikipinga, si watanipandishia kwa hasira?*
Hapana, mama. Bodi hairuhusiwi kukupangia thamani iliyo juu ya ile iliyowasilishwa mbele yake.

*Mimi nina green card tu. Je, nina haki hiyo?*
Haki ya pingamizi ni ya mmiliki wa mali, haiulizi uraia.

*Ninaishi Sugar Land, ndani ya Kaunti ya Fort Bend, lakini rafiki yangu wa Kaunti ya Harris anafuata utaratibu tofauti mtandaoni. Nimfuate?*
Sheria na tarehe ni za jimbo zima, ila kila kaunti ina ofisi na tovuti yake. Fuata namba zilizo kwenye notisi yako.

*Thamani yangu ya soko ni dola 310,000, lakini kwa ule ukomo wa asilimia 10 natozwa juu ya 265,000. Nikishushiwa hadi 288,000 nitaokoa kiasi gani?*
Mwaka huu hutaokoa hata senti, kaka, kwa kuwa kodi yako inakokotolewa kwa 265,000. Pingamizi litakufaa ikiwa unaweza kuonyesha kwamba nyumba ina thamani iliyo chini ya hapo, au ikiwa kumbukumbu ina kosa linalostahili kusahihishwa kwa vyovyote vile.

*Na bodi ikinikatalia?*
Una siku 60 tangu kupokea uamuzi wao kufungua shauri katika mahakama ya wilaya, au kuomba usuluhishi ambao amana yake, kwa nyumba ya makazi isiyozidi dola 500,000, ni dola 450. Msuluhishi akikaribia zaidi thamani yako kuliko ya ofisi, amana hurudishwa, ukiondoa ada ndogo ya jimbo. Wakati unasubiri, usiache kulipa sehemu ya kodi usiyoipinga kabla ya Februari 1, kwani ukichelewa unaweza kupoteza haki ya kuendelea na shauri. Kama benki ndiyo inayokulipia kupitia malipo ya mkopo, wapigie simu mwezi wa Desemba uhakikishe kwamba wamelipa.