Somo: Kuwaandaa wanafunzi kwa hija ya miguu ya Santiago, kuanzia Sarria

Mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, Julai 25, itaangukia Jumapili. Kila inapoangukia hivyo, mji wa Santiago de Compostela, ulioko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, huadhimisha Mwaka Mtakatifu. Uliopita ulikuwa 2021, ukaongezwa hadi mwisho wa 2022 kwa sababu ya korona, na baada ya 2027 mtasubiri hadi 2032. Ndiyo maana walimu walezi wananiuliza sana siku hizi: tunaanzia wapi?

Niseme mapema kwamba kutembea ndiyo sehemu nyepesi. Wengi wa watoto wetu wamekwenda shule kwa miguu tangu darasa la kwanza. Kazi iko kwenye makaratasi, begi na nyayo, na kazi hiyo wapeni wanafunzi wenyewe. Mwalimu awe mkaguzi. Ukiwashikia pasipoti, ukawapangia begi, ukawapigia hesabu ya hela, utafika Hispania na watoto wanaokuuliza soksi zao ziko wapi.

Hatua ya 1: Njia na tarehe

Njia za kwenda Santiago ni nyingi. Ile maarufu ya Wafaransa, ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, ina karibu kilomita 780, na hiyo si ya likizo ya shule. Kwa kundi la wanafunzi nashauri kipande cha mwisho, kutoka mji wa Sarria, kama kilomita 115. Sharti la kupata Compostela, yaani hati anayopewa hujaji akimaliza njia, ni kutembea angalau kilomita 100, kwa hiyo Sarria inatosha na inabaki.

Gawanyo la kawaida ni siku tano: Sarria hadi Portomarín kilomita 22, hadi Palas de Rei 25, hadi Arzúa 29, hadi O Pedrouzo 19, na ya mwisho 20. Mimi ile ya 29 naikata katikati, tunalala Melide, inakuwa siku sita. Siku ya tatu ndiyo miguu hulalamika, na si busara kuipa siku hiyo mzigo mkubwa kuliko zote.

Tarehe: likizo yetu ya Juni inafaa sana. Shule za Hispania hufungwa kuelekea mwisho wa Juni, na zikishafungwa njia inajaa vijana wa huko kama stendi siku ya Krismasi. Nendeni nusu ya kwanza ya mwezi. Mvua itakuwepo, maana Galicia ni nchi ya mvua, lakini baridi si ya kutisha.

Hatua ya 2: Makaratasi

Anzeni miezi minane kabla. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kwanza, kisha pasipoti Uhamiaji. Hapa ndipo jina la mtoto kwenye cheti linapokutwa tofauti na lile la shuleni, na kusahihisha kunakula wiki. Kila mwanafunzi aandike kwenye daftari jina lake lilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, mlinganishe darasani. Zoezi la dakika ishirini, linaokoa machozi mengi.

Viza ni ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi. Ubalozi wa Hispania upo Dar es Salaam, na wenzetu wa Kenya wanao Nairobi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Kwa kawaida majibu hutoka ndani ya siku 15, ila yanaweza kufika 45, kwa hiyo msikae mkingoja dakika za mwisho. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Kanuni za viza zinawasamehe wanafunzi na walimu wanaofuatana nao kwa ziara ya masomo au mafunzo. Kama safari yenu ina sehemu ya masomo kweli, barua ya mkuu wa shule iseme hivyo wazi, na muulize kabla ya kulipa. Msidanganye tu. Hija ni hija.

Kwa walio chini ya miaka 18, wekeni ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili. Tiketi iwe ya kushikiliwa nafasi tu; msilipe nauli yote kabla viza haijatoka, hata wakala akiwaambia bei inapanda kesho.

Hatua ya 3: Miguu

Miezi mitatu inatosha. Jumamosi ya kwanza kilomita sita, mkipanda taratibu hadi kumi na nane. Kilicho muhimu kuliko urefu ni siku mbili mfululizo: Jumamosi kilomita 15, Jumapili baada ya misa nyingine 15, na begi mgongoni. Mtu yeyote mzima anaweza kutembea mbali siku moja. Jumapili ile ndiyo inayokuonyesha kiatu gani kina ugomvi na kisigino gani.

Viatu: raba za njia za vumbi, zenye soli ya kushika, kubwa nusu saizi kwa sababu mguu huvimba mchana. Si lazima viwe vipya vya dukani. Soko la Karume, Dar es Salaam, lina mitumba mizuri, ila geuza kiatu uangalie soli: ikiwa imelika upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na goti lako litaurithi. Viatu vivaliwe miezi miwili kabla ya safari. Viatu vya shule vyeusi vibaki nyumbani.

Soksi zisiwe za pamba tupu. Pamba hushika jasho na jasho huzaa malengelenge. Asubuhi, kabla ya soksi, mafuta ya mgando kidogo katikati ya vidole na kisigino. Na fundisheni sheria hii mpaka iwe kama sala: mahali pakianza kuunguza, simama hapo hapo. Nimeona binti akikaa juu ya ukuta wa mawe, anavua kiatu, kisigino kimeanza kuwa chekundu duara kama sarafu ya shilingi mia. Alikausha, akabandika plasta pana, akabadilisha soksi, akaendelea. Dakika nne. Mwenzake aliyeona aibu kuwasimamisha watu aliingia Palas de Rei akitembea kwa ukingo wa mguu.

Jioni, ukaguzi wa miguu kwa wote, mwalimu akiwemo. Lengelenge likishajaa maji, safisha, toboa pembeni kwa sindano iliyochomwa moto ikapoa, kamua, acha ngozi juu yake, funika. Wale wanaoacha uzi ndani msiwaige; uzi ni daraja la uchafu.

Hatua ya 4: Begi

Uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mbebaji. Mwanafunzi wa kilo 50, begi kilo tano. Tumieni mizani ya muuza viazi, atacheka lakini atawapimia. Ndani: nguo pea mbili zaidi ya uliyovaa, sweta, koti la mvua la kufunika na begi, begi jepesi la kulalia, taulo dogo, kandambili za kuogea, kipande cha sabuni ya mche, pini za kubania soksi mbichi nje ya begi, dawa zako, chupa ya maji. Shuka la Kimasai linaruhusiwa, kwa sababu linafanya kazi nne. Pasi ya nywele hairuhusiwi.

Hatua ya 5: Pasipoti ya hujaji na pa kulala

Kila mmoja awe na kijitabu cha hujaji, ile credencial, ambacho hugongwa mihuri njiani: makanisani, kwenye nyumba za mahujaji, hata kwenye migahawa. Kuanzia Sarria ni angalau mihuri miwili kwa siku. Kila mtu ashike chake.

Nyumba za mahujaji za serikali ya Galicia ni nafuu, kama euro 10 kitanda, lakini hazipokei oda. Anayetangulia ndiye anayelala. Kwa kundi la watu kumi na tano hiyo ni bahati nasibu. Wekeni nafasi kwenye nyumba binafsi mapema. Ukijumlisha kitanda na chakula, euro 40 hadi 50 kwa siku kwa mtu zinatosha bila kujibana sana.

Hatua ya 6: Mwendo wenyewe

Kufika Sarria mnatua Madrid, kisha treni au basi kupitia Monforte de Lemos au Lugo. Kutoka hapo ni mishale ya njano na nguzo za mawe zenye alama ya ganda la kombe wa baharini na kilomita zilizobaki. Kupotea ni kazi.

Waandaeni watoto kwa jua. Sisi tumezoea saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Galicia mwezi Juni jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na huzama baada ya saa nne usiku. Nyumba za mahujaji hufunga milango saa nne, nje bado kweupe. Bila kitambaa cha kufunika macho, wengine hawatalala.

Siku ya kwanza mnaingia Portomarín kwa daraja juu ya mto Miño na ngazi ndefu mwishoni, wakati mapaja yamekwisha. Mji wa zamani uko chini ya maji ya bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Kanisa lilibomolewa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya juu. Mwalimu wa jiografia hapo ana kipindi kizima. Melide ni mji wa pweza: anachemshwa, anakatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, mafuta ya zeituni, chumvi na pilipili nyekundu ya unga. Watoto wa Tanga na Mtwara watafurahi. Wa Dodoma wataangalia kwanza.

Mnapofika Santiago, mabegi hayaingii kanisa kuu, tafuteni pa kuyaacha. Kile chetezo kikubwa, botafumeiro, hakirushwi kila misa, hivyo msiwaahidi wanafunzi. Waahidini kaburi linaloaminiwa kuwa la Yakobo, mwana wa Zebedayo, yule aliyeuawa kwa upanga katika Matendo 12. Lenyewe lipo kila siku.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Arusha: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 16. Nasikia wanalala chumba kimoja wanaume na wanawake?

Marahaba mama. Ni kweli, vyumba vingi vya mahujaji ni vya mchanganyiko, vitanda vya ghorofa. Mabafu kwa kawaida ni tofauti. Kundi likiweka nafasi mapema kwenye nyumba binafsi linaweza kupata chumba chake. Uliza pia kama kuna mwalimu wa kike kwenye safari. Kama hakuna, usisaini. Na begini mwake awe na pedi za siku zote. Maduka madogo vijijini hufungwa mchana, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa.

Mwalimu, Tanga: Nusu ya darasa langu ni Waislamu na wapo Walutheri. Wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa wote, njia haimuulizi mtu dini. Compostela hutolewa kwa anayetembea kwa sababu ya kidini au ya kiroho. Asiyependa hiyo hupewa hati nyingine ya kukaribishwa. Chakula ndicho cha kuangalia: Galicia nguruwe anaingia hata kwenye supu ya mboga. Wafundishe kuuliza kabla ya kuagiza, na wategemee samaki, mayai na mkate.

Mwanafunzi, Morogoro: Mtu akichoka akapanda teksi kidogo, watajua?

Pengine wasijue. Mgonjwa apande teksi bila aibu atusubiri mbele. Hatapata Compostela, atapata afya. Mzima akipanda, nitajua mimi.

Mwalimu, Kahama: Na mwanafunzi mmoja akinyimwa viza?

Hili lijadiliwe na wazazi kwa maandishi kabla ya kuomba, si baada. Kwetu tulikubaliana: safari inaendelea, na fedha ya aliyenyimwa ambayo haijatumika inarudi kwao. Barua ya kunyimwa hutaja sababu na kuna haki ya kukata rufaa. Mara nyingi tatizo ni ushahidi wa fedha au wa kwamba mtu atarudi, kwa hiyo barua ya mdhamini iambatane na taarifa ya benki, isiwe maneno matupu.

Mzazi, Mwanza: Gharama zote hizi, kwa nini msiwapeleke Namugongo, Uganda?

Swali zuri, na kama ni Mwanza ningekwenda Namugongo kwanza. Mashahidi wa Uganda ni wetu, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa pale Juni 3, 1886, na kila mwaka watu huenda kwa miguu kutoka sehemu mbalimbali za Uganda na nchi jirani. Euro hazihitajiki wala viza ya Schengen. Ugumu ni kwamba sehemu kubwa ya mwendo ni pembeni ya barabara kuu ya malori, hivyo kundi la watoto linataka gari la kusindikiza na viakisi mwanga. Maandalizi ya miguu na begi ni haya haya. Aliyekwishakwenda Namugongo kwa miguu, Sarria haitamsumbua.

Mwanafunzi, Kilimanjaro: Mwalimu, fimbo za kutembelea zinaingia kwenye ndege?

Kwenye mzigo wa chini tu, si mkononi. Au mkanunue Sarria, zipo kila duka.