Kipupwe cha Njombe kinaandaliwa Mei

Huku Njombe na Makete baridi ya Juni hadi Agosti haimshangazi mtu, lakini kila mwaka hakosekani mfugaji anayeanza kuhangaikia malisho sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ikiwa imeshababua matete yote. Ng'ombe mzima aliyeshiba na anayelala pakavu huistahimili baridi vizuri tu. Kinachomwangusha ni njaa, tope bandani na hewa chafu, na yote hayo yanazuilika ukianza mapema.

Anza na hesabu ya chakula. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme kilo 5 zitoke kwenye hei, yaani majani yaliyokaushwa na kuhifadhiwa: kwa siku 90 ni kilo 450, yaani marobota 30 ya kilo 15. Huyo ni mmoja. Kama una watatu na stoo ina marobota 60, usijidanganye, uza mmoja sasa angali ana mwili, maana Agosti utamuuza mbavu zikihesabika na mnunuzi ndiye atakayepanga bei.

Majani ya hei yakatwe yanapoanza kutoa maua. Ukisubiri mbegu, unavuna vijiti. Yaanike juani siku mbili tatu huku ukiyageuza. Chukua kishungi ukinyonge mkononi: kikikatika bila kuacha unyevu, funga marobota kwa sanduku la mbao. Hei nzuri hubaki na rangi ya kijani. Robota lenye ukungu si chakula, na hata kulalia halifai. Yapange juu ya kichanja, yasiguse sakafu. Mabua ya mahindi nayo yakusanye mara tu baada ya kuvuna, uyakatekate na kuyanyunyizia molasi iliyochanganywa na maji. Kuyachoma shambani halafu Julai ukanunue majani ya jirani, hapo sina la kusema.

Kwenye banda, ziba upande unaopigwa na upepo, ambao msimu huu mara nyingi hutoka kusini mashariki. Mabanzi yapande kupita mgongo wa ng'ombe, kisha acha nafasi wazi chini ya paa. Wapo wanaofunika kila tundu kwa turubai, na asubuhi ukifungua mlango macho yanawasha kwa harufu ya mkojo. Hewa hiyo huharibu mapafu ya ndama na kumfungulia mlango kichomi.

Ndama anyweshwe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, ndani ya saa 6 za kwanza. Piga goti kwenye matandiko yake ukae kidogo. Suruali ikilowa, badilisha yote. Maziwa usimpunguzie. Siku za baridi kali muongezee, kwa kuwa sehemu ya anachokula inaishia kumpa joto.

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Wakirundikana, joto halitoshi. Wakikimbilia kuta huku wakihema, limezidi. Ukitumia jiko la mkaa, acha matundu ya hewa juu na mtu asilale humo. Sumu ya mkaa haina harufu.

Kiangazi kikikaza, mifugo hushushwa mabondeni karibu na vinyungu, yaani bustani za kwenye maeneo yenye unyevu, na kwenye majimaji hayo wamo konokono wanaoeneza minyoo bapa ya ini. Mwone afisa mifugo wa kata akuchagulie dawa, ipimwe kwa uzito wa mnyama, na umuulize maziwa yasinywewe kwa siku ngapi.