Kabla hujauza nyumba ya Nala ukahamia mjini

Nyumba yangu iko Nala, nje ya mji wa Dodoma, barabara ya Singida. Vyumba vinne, ua mpana, mwarobaini katikati. Watoto wana kwao, mume wangu alifariki 2019, na mimi mwalimu mstaafu nimebaki na ufagio. Mwaka jana nilishaamua: nauza, nahamia vyumba viwili Uhindini, jirani na soko la Majengo. Mwisho wake sikuuza, ingawa siishi tena kama zamani. Kama na wewe unapiga hesabu hizo, nakueleza namna nilivyopima, pamoja na pale nilipokosea.

Usianze na vyumba. Kila aliyenishauri alianzia hapo: "Mama, vyumba vinne vya nini mtu mmoja?" Vyumba havili. Anza na safari. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili kila unapotoka: umekwenda wapi, umepanda nini, nauli kiasi gani, umerudi saa ngapi. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba maisha yangu yanaishia kwenye Hiace. Daftari likasema siku 14 nimekwenda mjini mara tano tu: kliniki ya presha mara mbili, kanisani mara mbili, benki mara moja. Sokoni sikukanyaga, maana mchicha na mayai natoa uani. Kilichokuwa kinaniumiza ni bodaboda ya jioni, pale kliniki inapochelewa. Kumbe tatizo langu lilikuwa siku mbili za kliniki, na nilitaka kulitibu kwa kuuza nyumba nzima!

Pili, kabla ya kuuza, kaa mjini kwanza kama mpangaji. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu yake. Mimi nilibembeleza nikapewa miezi mitatu, Julai hadi Septemba, ghorofa ya pili. Ukienda kuangalia, mwache dalali aongee, wewe mtafute mpangaji anayeanua nguo. Muulize maji yanatoka siku zipi, na umeme wa pampu unalipwa kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya nani. Sikuuliza. Kumbe familia sita tulikuwa tunachangia pampu moja, na kila mwisho wa mwezi kuna mtu "amesafiri". Nala nina simtank ya lita 5,000 chini ya mfereji wa bati. Mvua za Desemba hadi Aprili zikiwa nzuri, nachota bila kumwomba mtu.

Hesabu na ngazi. Zangu zilikuwa 38. Mtungi wa gesi nilimlipa kijana anipandishie, na siku asipoonekana nilikula mkate na chai ya chupa niliyobakiza asubuhi. Ila sitasema uongo, mjini pana raha yake. Nilikuwa natembea kwa miguu mpaka benki, na usiku sikuogopa kuugua.

Kipimo ambacho hakuna aliyenitajia ni hiki: msiba utakaa wapi? Sisi huku hatuzikii ukumbini. Alipofariki mzee wangu, pale uani zilisimama turubai tatu, mafiga yakapangwa upande wa choo cha nje, wanaume wakakesha chini ya mwarobaini, wanawake wakalala kwenye mikeka mpaka koridoni. Siku nne. Mwezi wangu wa pili Uhindini akafariki shemeji yangu. Simu ya kwanza iliniuliza, "Msiba uko wapi?" Nikatazama sebule yangu: kochi moja, meza, jiko la plati mbili. Nikajibu Nala kabla sijafikiri. Jioni ile nilikuwa getini nafungua kufuli, na majirani walishaanza kuingia na viti vyao, "Mbukwenyi, Mwalimu," kila mmoja akinisalimu kwa Kigogo. Kule ghorofani nilikuwa bado sijui jina la mtu wa mlango wa pili.

Kwa hiyo piga picha ya msiba, harusi na wageni wa Krismasi ndani ya hiyo nyumba ndogo. Kama una kaka au mtoto mwenye ua ambao ukoo umeshauzoea, shida hiyo huna. Hama kwa amani.

Karatasi nazo. Mnunuzi alikuja na pesa, akaomba hati. Hati ina jina la marehemu. Hapo hakuna kuuza mpaka kikao cha ukoo kikae, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na umiliki ubadilishwe. Kama mwenzi wako yuko hai, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake, hata kama jina ni lako peke yako. Na ukitaka kununua ghorofani, sheria ya 2008 inaruhusu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake. Dai uione hiyo hati, usikubali risiti ya mkono.

Mimi nimerudi Nala, nimeziba mlango wa koridoni kwa tofali, nikafungua mwingine upande wa mashariki, vyumba viwili nimepangisha. Kodi hiyo inanilipia bajaji, na siku ya kliniki nalala kwa binti yangu Kikuyu. Kodi ya jengo, ile ya serikali, inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hivyo tuliandika mapema nani anaibeba. Mpangaji alisoma mkataba mpaka mwisho, akacheka kwenye kipengele cha nane: chini ya mwarobaini hapaegeshwi gari wala hapapandwi kitu. Akaniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia, "Baba, siku ikifika utabeba viti na wewe."