Jinsi ya kufuata msimu wa basketi ya vyuo vya Marekani ukiwa Kisumu na bado uamke uende klasi

Wasee wengi wa basketi hapa Kisumu wanaijua NBA kama kiganja cha mkono, lakini msimu wa vyuo vya Marekani wanaurukia Machi tu wakati wa mashindano ya kumtafuta bingwa wa nchi nzima, wiki tatu za kelele, wachezaji hawawajui, wanashabikia ile timu iko na jezi ya rangi poa. Si kosa, ila utamu wote unakupita. Hii mambo inataka ushike timu moja ya wanaume Novemba ukae nayo mpaka itolewe, umuone yule kijana wa mwaka wa kwanza akizubaa Desemba halafu Februari ako mbele anabeba wenzake. Shida yetu ni saa. Kwa hivyo mimi ushauri wangu wa kwanza utawaudhi mashabiki wa Duke, kile chuo chenye jina kubwa pwani ya mashariki: usichague timu kwa sifa, chagua kwa saa.

Hesabu ni hivi. Kati ya Novemba na mapema Machi, pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu saa 8, kina Kansas na Houston saa 9, pwani ya magharibi saa 11. Gemu nyingi za katikati ya wiki zinaanza saa moja jioni kwao. Sasa kama timu yako ni Duke au North Carolina, hiyo ni saa tisa usiku hapa, usingizi mzito kabisa, na inaisha saa kumi na moja alfajiri, hapo huwezi kulala tena na huwezi kuamka. Lakini timu ya magharibi kama Gonzaga, kule Spokane jimbo la Washington, ikicheza saa moja jioni yao hapa ni saa kumi na mbili asubuhi. Unaamka, unaweka chai, unatazama gemu jua likitoka, saa mbili umemaliza unashika matatu ya Maseno. Na si eti nakupa timu mbovu, tangu 1999 Gonzaga haijakosa mashindano ya Machi (2020 yalifutwa na Korona) na imefika fainali mara mbili, 2017 na 2021, zote ikapigwa lakini ilifika. Ukitaka kupita hapo kuna chuo cha Hawaii, saa moja jioni yao ni saa mbili asubuhi yetu, ila hiyo sasa ni ya watu hawana klasi asubuhi.

Kama moyo wako tayari umeenda mashariki sawa, sitakupigania. Na najua kwa nini vijana wengi huku waliingia Duke msimu wa 2024-25: Khaman Maluach, yule jamaa mrefu wa Sudan Kusini aliyekulia hapo Uganda tu, akapitia akademi ya NBA kule Senegal kisha Duke, mwaka mmoja akaondoka, draft ya 2025, pale timu za NBA zinachagua wachezaji wapya, akachaguliwa namba 10. Kuna wale wa Houston kwa sababu ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria, kuna wale wa Kansas kwa sababu ya Joel Embiid wa Kameruni. Sababu yoyote ni nzuri bora uwe na moja. Kwa timu ya mashariki wewe ishi na gemu za Jumamosi, nyingi huchezwa mchana kwao, saa sita mchana ya huko ni saa mbili usiku hapa, saa nane mchana ni saa nne usiku. Hizo unatazama ukiwa mtu. Zile za Jumanne na Jumatano wachia marudio.

Ukishachagua, ingia tovuti ya timu yenyewe uchukue ratiba yote mara moja, ni kama gemu 30 kabla ya mashindano, halafu uandike kila moja kwa saa ya hapa NA SIKU ya hapa. Hapo kwa siku ndio watu wanaangukia. Gemu imeandikwa Jumanne usiku, wewe unaamka alfajiri ya Jumanne unapata hakuna kitu, kumbe kwako ni Jumatano. Pia kumbuka Jumapili ya pili ya Machi wao wanasogeza saa mbele, kwa hivyo tofauti inakuwa 7, 8 na 10, na inabadilika wiki ileile mambo yanaanza kuwa moto. Weka kwenye kalenda ya simu na simu yenyewe itakufanyia hiyo kazi.

Mahali pa kutazama, angalia chaneli ya ESPN kwa DStv kama nyumbani au kwa beshte iko, kuna gemu huingia hasa Machi. Banda la mpira usahau, mwenye banda atakuangalia tu, huko ni Arsenal na Man U. YouTube kuna vipande vya dakika kumi hivi vinawekwa baada ya gemu na kwa timu nyingi vinatosha kabisa. Siri yangu ni redio: vyuo vingi vinarusha matangazo ya sauti bure kwa mtandao, saa moja ya sauti haili zaidi ya MB 30 mpaka 60, wakati video hata ile ya chini inamaliza mamia ya MB. Bando ikiwa kidogo au stima imepotea, earphone moja sikioni na takwimu za moja kwa moja kwa simu, utashangaa vile unaona gemu. Na watangazaji wa chuo wana upendeleo wa wazi, wanalia na refa kuliko kocha, mimi nawapenda hivyo hivyo.

Sasa sheria, kwa sababu ukizoea hizi za kimataifa za FIBA tunacheza huku utachanganyikiwa. Wanaume wa vyuo hawachezi robo nne za dakika 10, wanacheza vipindi viwili vya dakika 20. Saa ya kurusha, yaani muda timu inapewa kurusha kila ikishika mpira, ni sekunde 30, si 24, ndio maana mwendo unaonekana wa polepole na makocha wanachora sana. Faulo tano unatoka, hiyo ni sawa, na mstari wa pointi tatu tangu 2019 ni uleule wa mita 6.75. Faulo za timu ndio ziko tofauti, hazirudi sifuri kila robo, zinahesabiwa kipindi kizima: ya saba mpinzani anapewa mtupo mmoja wa bure na akiingiza ndio anapata wa pili, ya kumi kwenda mbele ni miwili moja kwa moja. Kwa hivyo timu iko mbele pointi 4 na inatuma mtu asiyejua kurusha pale mstarini, anakosa wa kwanza, mpira uko hai, gemu imefunguka tena. Ile dakika ya mwisho inaweza kuchukua robo saa na huwezi kuinuka. Lingine, sisi mpira ukishagusa ringi mtu anaweza kuupangusa, kule ukiwa bado juu ya ringi hauguswi, kwa hivyo usianze kumpigia kelele senta eti amelala. Na matangazo ya TV yana nafasi zake, mpira ukisimama mara ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4, hapo ndio unaenda kuangalia chai.

Usihesabu tu kushinda na kushindwa. Novemba na Desemba timu kubwa hualika vitimu vidogo nyumbani inavichapa pointi 40, haina maana sana. Kamati ya kuchagua inaangalia kitu kinaitwa NET, kimetumika tangu msimu wa 2018-19, kinapanga timu zote halafu ushindi unawekwa kwa makundi manne kulingana na ulimpiga nani na wapi. Kundi la juu kabisa ni kumpiga timu iko 30 bora kwako, au 50 bora uwanja ambao si wenu wala si wao, au 75 bora kwake. Umeona hapo? Kushinda ugenini kunalipa zaidi. Kwa hivyo kwa ratiba yako zungushia gemu za ugenini za Januari na Februari dhidi ya timu nzuri za konferensi yenu, yaani lile kundi la vyuo mnachezeana msimu mzima, hizo hata kama ni saa tisa usiku jikaze uamke. Hizo zingine lala.

Mapema Machi kila konferensi inafanya mashindano yake, bingwa anaingia moja kwa moja, hata kama msimu mzima alikuwa ovyo. Timu ndogo tumaini lake lote liko hapo. Jumapili ya kutangazwa timu kwao ni saa kumi na mbili jioni, kwetu saa saba usiku kuamkia Jumatatu. Timu zimekuwa 68 tangu 2011, mikoa minne, kila mkoa zimepangwa 1 mpaka 16, nne za ziada zinatolewa kwa gemu za mwanzo kule Dayton, Ohio. Na hapa ndio raha ya mtu wa Kisumu: Alhamisi na Ijumaa ya raundi ya kwanza gemu zinaanza mchana kwao, kwetu ni kama saa moja na robo jioni, zinafuatana mpaka kumepambazuka. Alika watu, leteni chapo, hosteli nzima.

Jaza braketi yako, ule mchoro wa kutabiri nani atashinda kila gemu, lakini kwa heshima tu, usiweke mkeka na pesa ya mkopo wa masomo ya HELB nakuomba. Hakuna mtu amewahi kuthibitishwa kupata gemu zote 63. Timu za namba 1 zilikuwa zimeshinda zote 135 dhidi ya namba 16 mpaka 2018, UMBC, chuo kidogo cha Maryland, ikaichapa Virginia 74-54, si eti kwa bahati ya sekunde ya mwisho, ilichapa. 2023 Fairleigh Dickinson ikafanya hivyo hivyo kwa Purdue, 63-58.

Ikifika nusu fainali na fainali, hakuna ujanja wa saa tena, hata ukiwa na timu ya magharibi. 2025 kule San Antonio Duke ya Maluach ilikuwa mbele vizuri, Houston ikairudia dakika za mwisho ikashinda 70-67, hapa ni alfajiri ya Jumapili, kuna watu walienda kanisa macho mekundu. Fainali ilianza saa kumi kasoro dakika kumi alfajiri ya Jumanne, Houston ikaongoza kwa 12, Florida ikageuza 65-63, na pozesheni ya mwisho Houston hata haikurusha. Hiyo siku moja omba ruhusa kazini mapema au lala saa mbili usiku uamke, kutazama marudio ukiwa umeshajua matokeo kwa WhatsApp ni kazi bure, zima data kabla ya kulala.

Msimu ukiisha usitupe ile karatasi ya kikosi. Kuna wanaomaliza masomo, kuna wanaoenda NBA, na siku hizi kwa sababu ya uhamisho huru na pesa za wachezaji nusu ya timu inaweza kuhama kabla ya Juni. Kata majina ya walioondoka, ongeza wapya wanavyotangazwa, na ratiba mpya ikitoka anza tena na hesabu ya saa.